Karma, hofu ya Mungu na kamba ya Mjerumani pale Songea

Wadau, neno karma limeingia Songea na kwa dalili zote limekuja kukaa. Utalikuta limeandikwa nyuma ya bajaji. Utalisikia Bombambili, binti aliyemtosa mwenzake akitoswa na yeye. Utalisikia hata sokoni, siku tajiri wa mahindi aliyezoea kuwapunja wakulima kwa lumbesa anaposikika kwamba gari lake limelala mtaroni na mzigo wote. "Karma hiyo!" Watu wanagonga mikono, wanacheka, na kesho yake tajiri mwingine anakuja na lumbesa ile ile.

Bibi yangu ukimtajia karma atakuuliza ni dawa ya nini. Yeye alitulea kwa maneno mawili tu. Ukiiba sukari: "Mungu anakuona." Ukimpiga mdogo wako: "Malipo ni hapa hapa." Utotoni niliona ni kitu kimoja, fimbo moja yenye ncha mbili. Ukubwani nimeanza kuona kwamba ni hoja mbili zisizopikika chungu kimoja. Ya kwanza inasema usitende ubaya kwa sababu yuko Mwenyewe anayekuona na siku moja atakuita. Ya pili inasema usitende ubaya kwa sababu ubaya wenyewe una miguu, utarudi nyumbani kwako bila kuitwa na mtu. Katika ile ya kwanza kuna hakimu, na hakimu anaweza kusamehe. Katika ya pili hakuna wa kumwomba msamaha.

Waswahili wa pwani, wajanja kama kawaida yao, walizifunga zote mbili kwenye methali moja: malipo ni duniani, akhera kwenda hesabu. Hapo hujamkosea shehe na hujamkosea jirani.

Kabla sijaenda mbali niwarekebishe kidogo vijana wenzangu. Karma tunayoisema sisi siyo ya Wahindi wenyewe. Kwao neno lile maana yake ni tendo, na matunda ya tendo yanaweza kukufuata katika maisha mengine kabisa, baada ya kufa na kuzaliwa upya. Mdeni wa karma anaweza kufa tajiri, usingizini, amezungukwa na wajukuu. Sisi tunachokiita karma ni yale yale ya bibi, malipo ya hapa hapa, ila tumeyavalisha jinzi.

Haya, twende kwenye historia. Maana watu wakibishana juu ya jambo hili hutumia mifano ya magari kupinduka na ndoa kuvunjika, wakati sisi wa Ruvuma tunakaa juu ya mfano mkubwa kuliko yote hiyo. Mji wetu una jina la mtu aliyenyongwa.

Tuanzie nyuma kidogo, na hapa naomba Wangoni wenzangu mnivumilie. Babu zetu hawakuota hapa kama miyombo. Walitoka Afrika Kusini wakikimbia vita vya Wazulu, wakavuka Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, na baada ya kifo chake huko Ufipa wakagawanyika. Makundi mengine yakaja kuishia huku kusini katikati ya karne ile ya 19. Waliwakuta watu. Wandendeule walipigwa, wakatawaliwa, vijana wao wakaingizwa kwenye vikosi vya Wangoni, nao wakaitwa sutu, neno lisilo na heshima yoyote ndani yake. Wamatengo walikimbilia milimani. Vijiji vilichomwa, wanawake na watoto wakachukuliwa mateka, na wako waliouzwa kuelekea Kilwa.

Kwa nini naanza na haya? Kwa sababu mwaka 1897 Wajerumani walipokuja kujenga boma lao hapa, mtu wa karma angekuwa na jibu tayari mdomoni: Wangoni wamevuna walichopanda. Waliopora wameporwa, waliotawala wametawaliwa. Inapendeza kusikika. Ila fuatilia mpaka mwisho uone. Boma lile halikuwatenga Wangoni na Wandendeule. Kodi ilidaiwa kwa wote, na njaa iliyokuja baadaye haikumuuliza mtu kabila. Sasa Mndendeule alikuwa analipa deni gani? La kutekwa?

Mwaka 1898 wakaja Wabenediktini, wakafungua misheni Peramiho. Hapo ndipo hofu ya Mungu kwa maana ya kanisani ilipokutana uso kwa uso na mahoka. Kwa wasiojua, mahoka ni mizimu ya wazee wetu. Hawangoji kiama. Ukivunja mwiko, ukimnyanyasa mama yako mzazi, ukisahau kuwapa haki yao, watoto wanaumwa, mvua inakata, ng'ombe anaharibu mimba. Ni utaratibu wa malipo ya haraka, na uliendana na mwavi, ile sumu ya magome waliyonyweshwa watuhumiwa wa uchawi kusini yote. Ukitapika huna kosa, ukifa ulikuwa mchawi. Kesi imeanza asubuhi, jioni hukumu imeshatekelezwa, na mahakama ni tumbo lako mwenyewe.

Mapadri walikuja na Mungu mvumilivu. Anaandika, anatunza, anangoja, anasamehe. Lakini wao wenyewe hawakuwa na uvumilivu huo. Padri Franciscus Leuthner wa Peramiho alichoma moto kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Njelu. Yaani nyumba ya mababu wa mfalme, imechomwa na mgeni, mchana kweupe. Mahoka wakanyamaza. Nafikiria vikao vya usiku ule. Bila shaka wako waliosema Mungu wa wazungu ana nguvu zaidi, na bila shaka wako waliosema subirini.

Mwaka 1905 misheni ya Peramiho ilichomwa moto, na Padri Leuthner akauawa mwezi Septemba. Mwezi mmoja kabla yake, tarehe 14 Agosti, Askofu Cassian Spiss, yule yule aliyeianzisha Peramiho, alikuwa ameuawa njiani upande wa Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Ukiwa muumini wa malipo ya hapa hapa, kwa Leuthner hesabu imekaa vizuri: kibanda kwa misheni, moto kwa moto. Wale masista je? Walichoma kibanda cha nani? Karma ya mtaani haina ofisi ya malalamiko.

Tuje kwenye maji yenyewe. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye wengi wetu tulikutana naye shuleni kwenye tamthilia ya Ebrahim Hussein, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza Umatumbi. Maji yake yalimzidi maisha. Yalitembea kusini yote, na huku Ungoni yaliletwa na mtu anayeitwa Omari Kinjalla. Kila mtoto wa shule anajua yaliahidi kugeuza risasi kuwa maji. Kisichosemwa sana darasani ni kwamba ahadi ile ilikuwa na masharti. Aliyekunywa maji hakuruhusiwa kulala na mwanamke wakati wa vita. Hakuruhusiwa kupora. Kulikuwa na vyakula vya kuepuka.

Mimi naona hapo ndipo penye kitu kikubwa. Kwa majuma kadhaa, wapiganaji wa makabila yaliyokuwa yakiibiana mifugo na wake walikatazwa kugusa mali ya mtu, na kilichowazuia hakikuwa polisi wala paroko. Waliogopa kwamba ukipora leo, risasi itakupata kesho. Hakuna mahubiri ya Jumapili niliyowahi kuyasikia yenye nguvu hiyo. Kama unatafuta ushahidi kwamba hofu ya malipo ya papo kwa papo inaweza kumnyoosha mtu, huo hapo.

Sasa geuza upande wa pili. Tarehe 21 Oktoba 1905 Wajerumani waliishambulia kambi ya Wangoni bila wao kujua. Bombomu zikafanya kazi yake. Risasi zikabaki risasi. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipozunguka kusini mwaka 1968 kukusanya kumbukumbu za wazee, maelezo ya kushindwa kwa maji yalikuwepo, na moja lililosikika ni hili: waliokufa walivunja miiko. Walilala na wanawake. Walipora. Wangeshika masharti, wasingekufa.

Nilipoyasoma maelezo hayo niliweka kitabu chini. Kijana wa miaka 20 amepigwa risasi na jeshi la nchi ya mbali akiwa anatetea shamba la baba yake, halafu ndugu zake mwenyewe, wanaomlilia, wanajiuliza alilala na nani. Malipo ya hapa hapa yana adhabu hiyo ya pili ambayo vijana wa bajaji hatuifikirii. Ukishaamini kwamba kila ubaya unaompata mtu ni deni, basi kila aliyepatwa ni mdeni. Tajiri wa lumbesa akipinduka tunacheka. Mkulima aliyepunjwa akipinduka siku hiyo hiyo, na yeye karma?

Msidhani hofu ya Mungu inatoka salama. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni hapa mjini, zaidi ya 60 kwa hesabu inayotunzwa pale makumbusho, Nkosi Mputa akiwa miongoni mwao. Wengi kati ya waliohukumiwa walibatizwa kabla ya kupandishwa. Tulia kidogo na picha hiyo. Nje, kamba zinafungwa. Ndani, padri anamwaga maji kichwani mwa mtu aliyeambiwa miezi michache tu iliyopita kwamba maji mengine yatamkinga. Maji ya pili hayakuahidi kuzuia kamba. Yaliahidi kwamba baada ya kamba kuna jambo.

Siwezi kumbeza aliyeyapokea. Mtu anayesubiri kufa asubuhi ana haki ya kushika chochote. Wala sisemi kila padri alikuwa karani wa boma. Wako waliowalilia watu wale kwa kweli. Ninachohoji ni kitu kingine. Waliohubiriwa kuiogopa hukumu ya Mungu siku ile ni waliofungwa mikono. Walioshika kamba nao walikuwa Wakristo tangu utotoni, walijua amri zote kumi, pamoja na ya tano kwa hesabu ya Wakatoliki. Hofu ya Mungu haikuwatetemesha vidole. Na walipomaliza kunyonga waliendelea na mkakati wao wa njaa: mashamba kuchomwa, maghala kutolewa chakula, watu wasiweze kupanda. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi, siyo risasi.

Mtu wa karma hapo atainua mkono. Wajerumani si walilipwa? Mwaka 1916 walifukuzwa Songea, na Novemba 1918 jeshi lao likasalimu amri huko Abercorn, koloni likaenda kwa Mwingereza. Ni kweli, walipoteza nchi ambayo haikuwa yao. Ila muulize mama aliyekuwa akiishi hapa katika miaka hiyo ya vita malipo hayo yalikujaje. Yalikuja kwa mwanawe kuchukuliwa upagazi, akafa njiani na mzigo wa risasi kichwani. Deni la Mjerumani likalipwa kutoka mfukoni kwa aliyedai.

Na gavana mwenyewe, Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa mkuu wa koloni wakati vita inaanza na mashamba yanachomwa? Aliondoka mwaka 1906. Akaandika kitabu kuhusu uasi ule, kikatoka mwaka 1909. Akapewa kazi ya kuiwakilisha Prussia huko Hamburg, na huko akafariki mwaka 1910. Hakuna mahakama iliyomwita. Alikufa akiwa na miaka 44, na nikimweleza hivyo rafiki yangu mmoja ananijibu, "Si unaona! Mapema hivyo, karma hiyo." Angekufa na miaka 90 angesema amecheleweshwa ili ateseke na uzee. Huyo huwezi kumshinda. Jina la gavana likapewa meli huko Ziwa Tanganyika, meli ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua na kuipa jina la Liemba. Labda karma ilikosea anwani ikaenda kwa meli.

Sasa nifike kwa mtu ambaye ndiye hasa aliyenifanya niandike haya yote. Songea Mbano hakuwa Nkosi. Alikuwa nduna, mkuu wa vita, lakini sifa zake zilikuwa kubwa kiasi kwamba Wajerumani waliliita boma kwa jina lake. Kaburi la wenzake, la halaiki, liko pale Mahenge penye Makumbusho ya Majimaji. La kwake liko peke yake, na inasimuliwa kwamba ni kwa sababu hakunyongwa siku moja na wao. Wajerumani, wanasema wazee, walitaka kumwacha hai. Mtu mwenye kusikilizwa kama yeye angewafaa kuwatuliza watu. Akakataa. Akataka anyongwe kama walivyonyongwa wenzake, na siku chache baadaye wakamtimizia. Halafu wakakata kichwa chake, na ukoo wake umekuwa ukisimulia miaka yote kwamba kilipelekwa Ujerumani.

Hebu mweke Songea kwenye mizani ya bibi yangu. Alifanya aliyoyafanya kwa kumwogopa Mungu? Katika simulizi hiyo hakuna pepo anayoingojea wala moto anaoukimbia. Kwa kuogopa malipo ya hapa hapa? Malipo ya hapa hapa yalikuwa upande wa pili kabisa, kwa Mjerumani: uhai, kiti, pengine na posho. Angepokea, nina hakika asingepinduka na gari. Angeishi, angezeeka, angekuwa na wajukuu wanaosoma misheni.

Kilichomzuia, ukiisikiliza simulizi jinsi inavyosimuliwa, ni kwamba asingeweza kutembea juu ya ardhi iliyowafunika wenzake. Aibu. Haya, kwa maana ya zamani ya neno hilo, siyo ya kuficha uso bali ya kuwa na uso. Kuna watu ambao macho yao yalikuwa yakimtazama, na walikuwa wameshafumba, na bado aliyaona.

Najua mtanirukia. Mtasema aibu nayo ni hofu tu, hofu ya watu. Mtasema aibu inategemea nani anatazama, na wezi nao wana aibu yao ya kutomtaja mwenzao. Sawa. Hata Wangoni wa kale hawakuona aibu mbele ya sutu, maana hawakumhesabu kuwa na macho ya kuwatazama. Hilo ndilo tatizo la aibu na nalikubali. Tajiri wa lumbesa anaona haya mbele ya matajiri wenzake kama gari lake ni bovu. Mbele ya mkulima wa Namtumbo aliyelijaza gunia mpaka likaota nundu, anaona nini? Wakala wa Vipimo wakipita na mizani yao, ghafla kila mtu ana maadili. Wakiondoka, nundu linarudi. Kama mkulima yule angekuwa mtu machoni pake, nadhani tungehitaji mizani chache.

Tarehe 1 Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea. Alifika makumbusho na makaburini, akakutana na wazao wa Songea Mbano. Nilisubiri kusikia atatumia lugha gani, maana rais wa nchi kama ile ana lugha nyingi za kuchagua. Angeweza kusema Mungu ndiye atakayehukumu waliopita. Angeweza kusema historia imeshatoa hukumu yake, ambayo ndiyo karma ya wanasiasa. Akasema anaona aibu kwa waliyoyafanya askari wa kikoloni wa Kijerumani, na akaomba msamaha. Ilichukua miaka 117 kwa macho ya waliolala Mahenge kufika Berlin.

Wako waliosema maneno hayajazi ghala, na wana haki ya kusema hivyo. Fidia ni mazungumzo mengine, na hayo sitayamaliza mimi hapa. Lakini familia ilikuwa na swali lake moja, dogo na gumu, ambalo ni la kabla ya fidia: kichwa kiko wapi? Ujerumani ina maghala ya makumbusho na hospitali yenye mafuvu mengi yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi zile, mengi hayana jina, mengine yana namba tu na jina la mahali. Steinmeier aliahidi kwamba Ujerumani itasaidia kukitafuta, na akakiri kwamba hawezi kuahidi kitapatikana.

Kila Februari 27 mji unajaa. Machifu wanavaa, ngoma ya lizombe inapigwa, viongozi wanatoa hotuba, watoto wa shule wanapangwa foleni kupita kwenye makaburi. Ukibahatika kuja, usiishie kwenye lile kubwa la halaiki lenye majina. Muulize mhudumu akupeleke kwenye la nduna. Mtu aliyelala pale, kama ukoo unavyosimulia, amelala bila kichwa.